Sindano za Miezi Minane na Ndege wa Uani Kwangu

Kama wiki hii umeambiwa kwamba kifua kikuu chako kimezoea dawa za kawaida na sasa utaanza zile kali, soma haya kabla ya sindano ya kwanza. Mimi nilianza bila kusoma kitu. Nilipewa karatasi ya Kiingereza, nikaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, nikatia. Leo niko hai, makohozi yangu ni safi, na ninalala kwa ubavu ninaoutaka. Lakini sisikii. Watu wengi huniambia nishukuru. Ninashukuru, ila si kila siku, na hapa sitajifanya.

Jina langu ni Nabintu. Nilizaliwa Bukavu, Kongo, ambako baba yangu alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka na vinyozi, na nikajifunza kushika brashi kwa kumtazama. Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 2008 pamoja na mume wangu, Bahati, na binti yetu Ansima akiwa bado mgongoni. Tulipewa kiwanja katika kijiji cha Kashojwa. Bahati alilima mahindi na maharagwe. Mimi nilichora vibao vya saluni, vya makanisa, vya duka la dawa za mifugo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kitu nilichokipenda kilikuwa kingine. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao aliniachia kamera ndogo na kisanduku cha rangi za mafuta, zile za tyubu. Nikaanza kuwapiga picha viumbe wa uani kwangu: chozi, ndege wadogo wenye mdomo mrefu, waliofyonza maua ya mgomba, mjusi mwenye kichwa cha bluu aliyeota jua juu ya mawe ya jikoni, kinyonga kwenye ua wa minyaa, na yule ndege mweusi na mweupe anayechezesha mkia ambaye kwetu tunamwita nyamanza. Picha zilisafishwa studio moja mjini Mbarara kila nilipopata safari. Nikirudi, niliwamba kitambaa cha amerikani kwenye fremu, nikakipaka rangi nyeupe ya ukutani, kikikauka nikachora kutoka kwenye picha. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na nyamanza hawezi kukukalia wiki nzima. Ndiyo maana nilihitaji picha.

Watu hufikiri ndege hutafutwa kwa macho. Mimi niliwatafuta kwa masikio. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, nikasikia sauti upande wa mgomba, nikageuza kamera polepole. Kufikia mwaka 2012 nilikuwa na michoro kumi na tisa ukutani. Bahati alikuwa akiwaonyesha wageni kabla hata hawajaketi.

Mwaka huohuo nilikohoa. Nilimeza dawa za miezi sita, nikapona kwa muda mfupi, kisha kikohozi kikarudi na damu. Makohozi yakapelekwa kupimwa mara ya pili. Muuguzi wa kituo chetu, Munyankore mmoja mpole, mwenyeji wa sehemu hii, tuliyemwita Sista Peninah, aliniita nje, akasimama mbali kidogo.

"Mama Ansima, mashine inasema dawa ya kwanza imekataa. Utaenda Mbarara. Huko utakaa."

"Nitakaa siku ngapi, sista?"

"Miezi miwili. Halafu utarudi, sindano tutadunga hapa. Dawa yote ni karibu miaka miwili. Wewe hapana ogopa."

Niliondoka Januari 2013, jua likiwa kali na mashamba yamekauka. Nilichukua kitenge, Biblia na kamera. Ansima alikuwa na miaka sita. Walimzuia kunikumbatia, akasimama karibu na gari akiwa ameshika mlango kama anataka kuufunga mwenyewe.

Katika hospitali niliyopelekwa, wagonjwa wa aina yetu hatukuketi na wengine. Benchi letu lilikuwa nje, upande wa upepo, na kila aliyepita alijua maana yake. Wanawake walivuta watoto wao. Muuza ndizi aliweka ndizi kwenye ukuta mdogo, akarudi nyuma, ndipo nikazichukua. Tulisubiri kipimo cha damu, tukasubiri picha ya kifua, tukasubiri daktari, kisha tukaambiwa daktari amekwenda kwenye mkutano, turudi kesho kwenye benchi lile lile.

Vidonge vilijaa kiganja. Nilivimeza, na nusu saa baadaye nilikuwa naviomba vibaki tumboni. Sindano ilikuwa kila siku, matakoni, leo kulia, kesho kushoto. Baada ya wiki tatu nilikuwa siwezi kuketi sawasawa. Nilikaa kwa paja kama mtu aliyepanda mkokoteni. Ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi, si weusi niliozaliwa nao, bali weusi wa moshi, hasa usoni. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Kitanda cha pili kutoka kwangu, nyuma ya pazia la upande wa wanaume, alikuwako mfugaji mmoja aliyeitwa Mzee Yokana. Yeye alikuwa kwenye mwezi wa sita wa sindano. Alikuwa amerudishwa wodini kwa sababu ya figo. Ukimwuliza kama amekula, alikujibu kwamba ng'ombe wake wako kwa mdogo wake. Ukimwambia habari za asubuhi, alisema ndiyo, mvua itanyesha. Wodi nzima ilicheka. Tulisema amezeeka, akili imekwenda. Nami nilicheka pamoja nao. Hakuna aliyetuambia kwamba mzee yule alikuwa na akili zake zote, na kwamba alikuwa hasikii tu. Wauguzi walijua. Walipaza sauti wakimdunga sindano, wakaendelea na kitanda kinachofuata.

Mwezi Machi mvua zilianza, nami nikaruhusiwa kurudi. Gari liliniacha njiani, nikatembea polepole. Nilipoingia uani niliona duara jeusi karibu na choo, na ndani yake misumari ya fremu. Tyubu za rangi zilikuwa zimepasuka kwa moto na kugandamana na majivu. Niliingia ndani. Ukuta ulikuwa mtupu.

Bahati alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Michoro yangu iko wapi, Baba Ansima?"

"Niliichoma."

"Kwa nini?"

"Bazee ba kanisa bakakuya. Banasema ugonjwa ilitoka mu ile harufu ya rangi. Banasema mikrobe inakaa mu bile bitambaa. Niliogopa juu ya mutoto."

"Na wewe uliwauliza watu wa kituo?"

"Sikuuliza. Ulikuwa haiko hapa, Nabintu. Miye peke yangu niliona mutoto anakohoa siku mbili. Ungelikuwa miye, ungelifanya nini?"

"Anakohoa? Alipimwa?"

"Alipimwa. Ilikuwa mafua tu."

"Kabla ya kuchoma au baada?"

Akainama akaanza kupanga kuni. Picha zenyewe zilikuwa zimechomwa pia, zote nilizosafisha studio. Kadi ya kamera ilikuwa ndogo. Kila nilipokwisha kusafisha picha nilizifuta ili nipate nafasi. Kwa hiyo hazikuwepo popote. Chozi wangu, kinyonga wangu, miaka minne. Jioni ile Bahati aliniambia jambo la pili. Alikuwa tayari amempeleka Ansima kwa dada yake anayeishi Ngarama, na yeye angekwenda kukaa huko hadi makohozi yangu yawe safi. Alinipangia kuni, akajaza madumu ya maji, akaacha unga. Sitasema hakunipangia. Kisha akapanda boda boda akaenda.

Wako wanaoniambia hofu ilikuwa haki yake. Ninakubali hofu. Kibiriti bado sijakikubali.

Basi nikawa natembea kila asubuhi kwenda kituoni kudungwa. Hapo napo tulikuwa na benchi letu, chini ya ukingo wa mabati, na mvua ilipopiga mabati tulikuwa tunalowa magoti. Nikirudi nyumbani nilikaa uani kwa sababu tuliambiwa tukae penye hewa. Sikuwa na rangi tena, lakini kamera nilikuwa nayo. Nilipiga picha. Siku nyingine hilo ndilo lilikuwa jambo pekee lililonitoa kitandani: kwamba kinyonga huenda amerudi kwenye ua.

Mwishoni mwa Aprili kelele zilianza kichwani. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya birika linalokaribia kuchemka, na haikukoma. Nilimwambia Sista Peninah.

"Kelele masikioni? Hiyo ni dawa inafanya kazi," akasema akifuta tako langu kwa pamba. "Vumilia, mama. Imebaki kidogo."

Nilimwambia tena Mei. Akaandika kitu kwenye kitabu. Mimi nilidhani kuandika ni kushughulikia.

Ilipofika Juni, mvua ikaisha, nyasi zikaanza kugeuka rangi, na uani kwangu kukawa kimya. Nilikaa kwenye kigoda na kamera magotini asubuhi tatu mfululizo. Hakuna mlio. Nilifikiri ndege wamehama kwa ajili ya ukame, au watoto wamewapiga mawe, au wachoma mkaa wamemaliza miti ya bondeni. Nilisikitika. Jirani yangu, Mama Rehema, alikuwa akianika maharagwe upande wa pili wa ua. Yeye ndiye pekee aliyeendelea kuniletea mboga na kunikabidhi mkononi badala ya kuziweka chini. Nikamwita.

"Mama Rehema, hawa ndege wamekwenda wapi?"

Aliinua kichwa. Mdomo wake ukachezacheza. Nikamwambia sisikii, aje karibu. Akaja hadi kwenye ua, akaniangalia usoni, kisha akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikatokeza:

"Ndege ziko mingi, mama! Ziko juu ya nyumba yako! Zinapiga kelele tangu asubuhi!"

Niligeuka. Nyamanza wawili walikuwa kwenye ukingo wa bati, hatua nne kutoka kichwani kwangu. Mmoja alikuwa amefungua mdomo, koo lake likitetemeka. Nilimtazama akiimba kama unavyomtazama mtu anayesema na mwingine nyuma ya kioo. Sijui kwa nini nilinyanyua kamera. Nilimpiga picha, kisha nikakaa chini kwenye vumbi, na Mama Rehema akaruka ua akanishika.

Safari hii sikuuliza. Nilikwenda kituoni nikakataa kuinua kitenge hadi mtu anipime masikio. Sista Peninah alikasirika, kisha akaona uso wangu, akaacha kukasirika. Baada ya siku tisa nilikuwa Mbarara, kwenye benchi jingine, mbele ya mlango wa daktari wa masikio. Alinivisha vitu masikioni, akanionyesha kwa ishara niinue mkono kila nikisikia. Niliketi na mkono wangu magotini. Niliona kidole chake kikibonyeza, kikibonyeza tena. Niliuinua mara chache tu.

Alifungua faili langu akatafuta kipimo cha mwanzo, kile kinachopaswa kufanywa kabla ya sindano ya kwanza. Hakikuwepo. Akatafuta cha mwezi wa pili, cha mwezi wa tatu. Alikuwa kijana, na nadhani alikuwa mtu mwaminifu, kwa sababu alichukua karatasi akaniandikia kwa Kiswahili chake kibovu: *Sindano ndiyo imeua masikio. Haitarudi.*

Nikaandika chini yake: *Kama mngesimamisha Aprili?*

Akaandika: *Labda ungebaki na nusu. Dozi ingeweza kupunguzwa.*

Nusu. Nimeishi na neno hilo kuliko jingine lolote la ugonjwa huu. Kwa nusu ningeweza kumsikia mwanangu akiita kutoka chumba cha pili.

Sindano zilipangwa za miezi minane, na ilikuwa imebaki kama miezi miwili. Wakazisimamisha. Vidonge vikaendelea.

Julai, makohozi yalikuwa safi mara ya nne mfululizo, na Sista Peninah alikuja nyumbani kwangu kwa miguu kuniletea karatasi. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na tyubu tatu za rangi: nyeupe, nyeusi na ya manjano ya udongo. Alikuwa amezitafuta Mbarara katika duka la vitabu. Alisema maneno mengi ambayo sikuyapata. Alipomaliza, macho yake yalikuwa na maji. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilizipokea, nikasema asante, nikabaki nimesimama mlangoni hadi akaondoka. Alikuwa ameniuliza mara nyingi kuhusu kuhara, kuhusu macho, kuhusu usingizi. Kuhusu masikio nilimwambia mwenyewe, mara mbili.

Rangi tatu zilitosha nyamanza. Harufu ya tapentaini ya kuchanganyia rangi ilinitapisha siku za kwanza, kwa hiyo nilichora nje, nikiwa nimegeuza uso upande wa upepo. Mikono ilitetemeka, mstari uliokuwa unanichukua pumzi moja sasa ulitaka saa nzima. Nilichora kutoka kwenye ile picha ya Juni niliyompiga ndege amefungua mdomo. Koo lake lilinishinda wiki mbili. Nililipaka, nikalifuta kwa kitambaa, nikalipaka tena. Mchoro ulipokauka niliutundika, na ni mbaya. Kichwa ni kikubwa. Sikuutoa.

Agosti, Bahati alimleta Ansima. Nilikuwa nimeinama kuosha masufuria, mgongo kwa njia. Mtoto alisimama kwenye lango akaita. Baadaye Mama Rehema aliniambia aliita mara tano: "Mama! Mama, miye njo huyu!" Mimi nikaendelea kusugua sufuria. Nilipogeuka nilimkuta amerudi nyuma ya miguu ya baba yake, analia, na Bahati amenikazia macho kama amenifuma nikifanya uovu. Hakuwa anajua. Nilikuwa sijapata njia ya kumwambia mtu aliyekuwa Ngarama.

"Sisikii," nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe sikuijua ukubwa wake. "Masikio yamekufa. Ni dawa. Mwambie mtoto sikukataa kuitika."

Bahati alimwinamia, akamwambia. Ansima alinitazama masikio, kulia, kisha kushoto, akatafuta kidonda. Kisha akaja, akanivuta kitenge, nikainama. Aliweka mdomo wake ndani kabisa ya sikio langu akasema kitu. Nilihisi joto na mate. Mpaka leo sijui alisema nini, na yeye alishasahau.

Bahati alirudi nyumbani mwezi huo. Hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo, na kama aliomba nikiwa nimempa mgongo, basi ilipotea. Anagonga meza kwa kidole kabla ya kuzungumza nami ili nimtazame. Siku nyingine namtazama. Siku nyingine naacha agonge.

Vidonge vilikwisha mwishoni mwa 2014, mahindi ya mvua za Septemba yakiwa yameanza kutoa ndevu. Ngozi ilikuwa inarudi polepole. Watu wa kituo walitaka nisimame mbele ya wagonjwa wapya nitoe ushuhuda kwamba dawa inaponya. Walikuwa wameweka viti na soda. Nilisimama nikasema hivi: dawa inaponya, msiiache hata siku moja, na kabla ya sindano ya kwanza mdai kupimwa masikio, na kila mwezi mdai tena, na mkisikia birika linachemka kichwani msikubali kuambiwa mvumilie. Mmoja wa wakubwa alianza kupiga makofi kabla sijamaliza, ili nimalize. Niliona mikono yake, nikaendelea.

Mwaka uliofuata, mvua za Machi zikiwa zimeanza, mwanamke mmoja alikuja kwangu na mume wake. Aliitwa Mama Solange, mfanyabiashara mdogo wa samaki wakavu, kutoka upande wa Fizi. Alikuwa ameambiwa dawa zake zimekataa. Alijifunika mdomo kwa kitenge, akasimama mbali uani, kama nilivyosimama mimi. Nikamvutia kigoda.

Nilimwandikia maneno mawili kwenye karatasi ya daftari la Ansima, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza nilichomwomba mwalimu wa shule anisaidie: *Naomba kipimo cha masikio leo. Naomba kipimo cha masikio kila mwezi.* Nikamwambia asitie sahihi mahali popote kabla karatasi hiyo haijaingia kwenye faili lake. Mume wake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Alirudi kuniona mwezi wa Julai. Alikuwa amekonda na uso umekuwa wa moshi, lakini alikuwa anacheka. Ansima alisimama katikati yetu akinirudishia maneno yake kwa midomo, polepole. Walikuwa wamempima kabla. Mwezi wa tatu mashine ilionyesha sauti nyembamba zimeanza kumpotea, wakampunguzia dozi, wakamfanya adungwe mara tatu kwa wiki badala ya kila siku. Kwenye kipimo cha mwisho hakuna sauti nyingine iliyokuwa imempotea.

"Anasema bado anasikia," Ansima aliniambia. "Anasema anasikia hata mvua ikianza, Mama, kabla haijafika kwenye mabati."

Nilimshika mikono yule mwanamke. Nilifurahi, na ninaapa nilifurahi. Kisha nikasema ninakwenda jikoni kuleta chai, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaegemea ukuta, na wivu ukanishika hadi nikashindwa kuwasha moto. Nililia kama nilivyolia nilipotoka kwa yule daktari wa masikio. Kama nililia kwa sauti, huenda wote wawili walinisikia. Nilipotoka na vikombe, Mama Solange alikuwa amesimama, ameinua mikono kuvipokea, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua alikuwa amesikia kila kitu.